Namba za Ngeli katika Orodha za HTML: Kiswahili na Kikamba

Wanaisimu wa lugha za Kibantu wamezoea kuzitaja ngeli za nomino kwa namba. Desturi hiyo ilianzishwa na W. H. I. Bleek katika sarufi linganishi aliyoanza kuichapisha mwaka 1862, na Carl Meinhof akaiendeleza. Manufaa yake ni kwamba namba moja huonyesha ngeli zenye asili moja katika lugha mbalimbali. Kwa maneno mengine, namba hiyo ni jina la ngeli, wala si hesabu ya mahali ilipo katika orodha.

Tofauti hiyo hujitokeza wazi sarufi inapoandikwa katika kurasa za tovuti. Katika lugha ya HTML, orodha ya namba hufunguliwa kwa lebo <ol> na kufungwa kwa </ol>. Kila kipengele huwekwa baina ya <li> na </li>. Mwandishi haandiki namba yoyote. Kivinjari ndicho kinachohesabu, kuanzia 1, bila kuruka.

Chukua mfano wa mwalimu wa Nunguni, katika vilima vya Kilungu, Kaunti ya Makueni, anayewaandalia wanafunzi wasemao Kikamba ulinganisho wa ngeli. Kikamba kina ngeli ya 12 na ya 13, mathalani *kavisi* (mvulana) na wingi wake *tuvisi*. Kiswahili sanifu hakina ngeli hizo, na ngeli ya 14 huunganishwa na wengi na ya 11. Kwa hiyo baada ya kipengele cha 11 hufuata ngeli ya 15, yaani ya *kusoma*. Kivinjari, kikiachiwa kazi hiyo, kitaipa *kusoma* namba 12. Matokeo yake ni kwamba *kusoma* italinganishwa na *kavisi*, ilhali mwenziwe halisi, *kũsoma* ya Kikamba, atabaki peke yake katika namba 15. Mwanafunzi hatakuwa na njia ya kutambua kosa hilo, kwa kuwa orodha itaonekana nadhifu kabisa.

Dawa yake ni sifa iitwayo value. Mwandishi akiandika <li value="15">kusoma</li>, kivinjari kitaruka hadi 15, kisha kitaendelea na 16, 17 na 18, ambazo ni ngeli za mahali. Iwapo maelezo marefu yanaikata orodha katikati, sehemu ya pili hufunguliwa kwa <ol start="15">.

Yafaa ikumbukwe kwamba sifa hizi mbili ziliwahi kuwekwa kando. HTML 4.01 ya mwaka 1999 ilizihesabu miongoni mwa mambo ya sura ya ukurasa, ikawashauri waandishi waziepuke. HTML5, iliyoidhinishwa na W3C mwaka 2014, ilizirudisha. Uamuzi huo wa pili ndio unaoafikiana na mahitaji ya isimu, kwani namba ikibadilika, maana nayo hubadilika.

Basi, kabla ya kuchapa orodha yoyote, mwandishi hana budi kujiuliza: je, namba hii yaonyesha mfuatano tu, au ni jina? Ikiwa ni mfuatano, kazi na iachiwe mashine. Ikiwa ni jina, sharti mwandishi alitaje mwenyewe.