Mistari angani ndani ya miwani ya uhalisia pepe: pima kwanza, fundi baadaye



Mpwa wangu alinijia barazani baada ya swala ya Isha, mkoba kaukumbatia kifuani na uso umemshuka.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Kulikoni?"

Ndani ya mkoba mlikuwa na miwani ya uhalisia pepe, kile kifaa unachovaa machoni ukajiona uko mahali pengine. Aliinunua mtumba kwa pesa alizokopa katika chama cha mamake. Nia yake ni siku za Idi awaonyeshe watoto michezo kwa shilingi 50, na siku nyingine awaonyeshe wazee miji waliyoihama. Mteja wa kwanza alikuwa bibi yake, yaani mama yangu mzazi. Ni mzaliwa wa Lamu, na sasa magoti hayamruhusu safari ya basi. Kijana akamfungulia video ya pande zote iliyopigwa juu ya mashua, katika mkondo ulio kati ya Lamu na Manda, jua likitua nyuma ya mji.

Mama akatazama kidogo, kisha akauliza: "Mbona mbingu imepigwa mistari kama kikoi?"

Kijana akampelekea fundi mmoja mjini. Fundi hakuiwasha zaidi ya dakika moja. Akasema kioo kimekufa, na kukibadilisha ni shilingi 18,000. Pesa hizo hana, na deni la chama linamsubiri.

Mimi nina diploma ya elektroniki na nimefungua televisheni nyingi kabla ya kuanza kuandika safu hii. Nilimwambia akae, tupime. Tuliyoyapata nayaandika hapa kwa sababu najua nyumba nyingi za pwani sasa zina miwani hii, mingine imeletwa na jamaa walioko Ghuba, na malalamiko ni hayo hayo.

Kwanza tuelewe ugonjwa wenyewe. Mbingu ya magharibi haina mpaka kati ya rangi na rangi. Kioo cha elektroniki, kinyume chake, kinapanda kwa ngazi. Vioo vingi vya miwani hii hutumia biti 8 kwa kila rangi ya msingi: nyekundu, kijani na bluu. Biti 8 ni ngazi 256 tu. Ukizichanganya rangi tatu unapata zaidi ya milioni 16, na hesabu hiyo huwahadaa watu wakadhani zinatosha kwa kila kitu.

Hazitoshi mahali penye giza. Tuseme bluu ya mbingu inapanda kutoka ngazi ya 40 hadi ya 70 kuanzia utosini mpaka nusu ya njia ya kuelekea upeo. Hizo ni ngazi 30 za kugawanywa katika nyuzi 45. Kila ngazi itapata ukanda wa nyuzi moja na nusu, sawa na miezi mitatu iliyopangwa safu moja. Ukanda mpana hivyo jicho litauona. Tena jicho lenyewe huongeza chumvi: mwaka 1865 Ernst Mach alieleza jinsi macho yetu yanavyoukuza mpaka kati ya vivuli viwili vinavyokaribiana. Na ndani ya miwani hamna mwanga wa nje wa kuficha kasoro, na lenzi zinakikuza kioo kilicho sentimita chache tu kutoka usoni.

Basi kanda hizi zinaweza kuzaliwa mahali patatu: katika video yenyewe, njiani ikisafiri kuelekea kwenye miwani, au katika kioo. Fundi aliruka moja kwa moja hadi mahali pa tatu, palipo ghali.

Kipimo chetu cha kwanza hakikugharimu kitu. Vaa miwani, tazama mistari, kisha geuza kichwa polepole. Doa likikufuata, likabaki pale pale mbele ya jicho, hilo liko kwenye lenzi au kioo: uchafu, mkwaruzo au hitilafu. Likibaki angani huku wewe unageuka, limo ndani ya picha. Mistari ya mama ilibaki angani. Hapo nikajua kwamba kioo hakikuvunjika wala kuungua.

Kipimo cha pili: fungua kitu kingine. Tulitoka kwenye video tukarudi ukumbi wa mwanzo wa miwani, wenye mbingu yake iliyochorwa. Mbingu ile ilikuwa laini. Kioo kinachoweza kuonyesha mbingu moja laini hakiwezi kulaumiwa kwa nyingine bila ushahidi zaidi.

Kipimo cha tatu: ile ile video tukaifungua kwenye kompyuta, katika chumba chenye giza. Mistari ile ile, mahali pale pale. Nikamuuliza kijana video aliipataje. Akasema rafiki yake wa Lamu alimtumia kwa programu ya ujumbe ya simu.

Hapo ndipo tulipomkamata mwizi. Programu za ujumbe huibana video ili ipite haraka. Anayebana hutafuta pa kupunguza, na mahali pa kwanza ni pale anapodhani jicho halitagundua: mbinguni, ukutani, kwenye vivuli. Mabadiliko madogo ya rangi yanafutwa, ngazi kumi zinageuka tatu. Kwenye simu hutaona. Lakini video ya pande zote imezungushwa nyuzi 360, kwa hiyo hata ikiwa na pikseli 3,840 kwa upana, mbele yako kwa wakati mmoja ni robo tu, kama pikseli 960. Kila kasoro inakuzwa.

Dawa haikuwa kioo kipya. Tulimwomba rafiki aiweke video ya asili kwenye kadi ya kumbukumbu, aitume kwa basi.

Tukiisubiri, kijana akanionyesha tatizo la pili. Mchezo wa magari anaouendesha kwenye kompyuta na kuurusha kwa miwani bila waya nao ulikuwa na kanda usiku. Safari hii kwenye skrini ya kompyuta hazikuwapo. Kwa hiyo zilizaliwa njiani.

Hesabu itakuonyesha sababu. Chukua miwani kama Meta Quest 2, yenye pikseli 1,832 kwa 1,920 kwa kila jicho. Picha 72 kwa sekunde, biti 24 kwa pikseli, macho mawili: ni zaidi ya gigabiti 12 kila sekunde. Wifi ya nyumbani haibebi mzigo huo, kwa hivyo kompyuta huubana mpaka, tuseme, megabiti 150. Yaani mara 80 hivi. Ukishuka chini zaidi, giza ndilo linaloumia kwanza.

Tulifanya haya, moja baada ya jingine, tukitazama kila mara. Tuliunga kompyuta na ruta kwa kebo badala ya wifi. Miwani tukaihamishia mkondo wa gigahezi 5, ruta ikiwa chumba kile kile. Kisha tukapandisha kasi ya biti katika mipangilio kidogo kidogo, tukasimama picha ilipoanza kukatika, tukarudi hatua moja. Kama kompyuta na miwani yako vinakubali kodeki ya HEVC au AV1 ya biti 10, ichague: biti 10 ni ngazi 1,024 kwa kila rangi, na hata kioo cha biti 8 hufaidika kwa sababu ubanaji hauli ngazi nyingi. Mwisho, punguza mwangaza uliozidishwa ndani ya mchezo. Ukiinua giza kwa nguvu unaziachanisha ngazi zile chache.

Kwa wenye miwani ya kuunganishwa kwa kebo ya picha, kagua pia kama kadi ya grafiki imewekwa katika rangi kamili, 0 hadi 255. Ikiwa kwenye 16 hadi 235, ambayo ni desturi ya televisheni, una ngazi 220 tu.

Kuna kanda zisizotibika na mtumiaji. Mchoraji wa mchezo ndiye anayepaswa kunyunyiza chembe ndogo za rangi mipakani ili jicho lisiuone ukingo. Mbinu hiyo ni kongwe: Lawrence Roberts wa MIT aliiandikia mwanzoni mwa miaka ya 1960, kabla hajaongoza mradi wa ARPANET uliozaa intaneti. Mchezo usio na chembe hizo utakuwa na kanda hata kwenye kioo kipya cha shilingi 18,000.

Kadi ilifika Ijumaa. Kijana alimvisha bibi yake tena. Kanda chache zilibaki kule juu penye giza zaidi, sitaficha. Lakini upande wa jua rangi ilishuka bila kukatika. Mama alinyamaza muda mrefu, kisha akaanza kututajia nyumba za ufuoni, moja moja, na wenyewe.

Kijana bado ana deni la chama, lakini halijaongezeka. Nawe ukiona mistari, geuza kichwa, fungua kitu kingine, kisha itazame video hiyo hiyo kwenye skrini nyingine. Ukishafanya hayo matatu ndipo uende kwa fundi, tena umweleze ulichokiona.