Mzigo Gani Unamfaa Kijana Mchezaji?

Tangu Namungo ya Ruangwa ilipopanda Ligi Kuu mwaka 2019, vijana wengi wa pwani yetu wana hamu ya kufika huko. Jambo hilo ni jema. Lakini sisi wauguzi huwapokea baadhi yao wakiwa wameshika viuno. Mmoja wao, wa miaka 16, aliletwa na mama yake akiwa hawezi kuinama kufunga viatu. Alikuwa akirukaruka na kiroba cha mchanga mabegani, debe zima, ili apate mbio. Debe la mchanga lina kilo 30 hivi, na kijana mwenyewe alikuwa na kilo 52.

Hakuwa mkaidi. Alidhani tu kwamba mzigo ukiwa mzito zaidi, miguu nayo itakuwa mwepesi zaidi. Sivyo. Anayesukuma mashua kuiteremsha majini ana nafasi ya kukusanya nguvu zake zote. Msichana wa netiboli anayerukia mpira hana nafasi hiyo, na mkimbiaji aliyeshika kasi hugusa ardhi kwa kiasi cha sehemu ya kumi ya sekunde tu. Uwanjani kinachotakiwa ni nguvu pamoja na kasi. Mzigo ukizidi, kasi hufa. Wataalamu waliopima wachezaji wakiruka wameona kwamba mara nyingi miguu hutoa nguvu hiyo ya haraka kwa wingi zaidi pasipo mzigo wowote, ila uzito wa mwili.

Je, mizigo haina kazi? Inayo, kwa maana misuli dhaifu haina cha kuharakisha. Kijana azoee kwanza kuchuchumaa na kuinuka bila kitu kwa majuma kadhaa. Kisha achukue mzigo anaoweza kuinuka nao mara 8, huku akijiona bado angeweza mara 2 zaidi. Asiruke nao. Mgongo ukianza kupinda, apunguze.

Kuruka kuwe na siku yake, mara 2 kwa juma, akiwa hajachoka. Apake vidole mkaa, aruke kando ya ukuta na kuacha alama. Aruke mara 5, apumzike dakika 2 au 3, arudie. Alama zikianza kushuka, mazoezi ya siku hiyo yamekwisha, hata kama kocha anapiga filimbi. (Makocha wetu wanapenda sana jasho!) Anayeanza aruke ufukweni penye mchanga, kwani mchanga hupunguza kishindo cha kutua magotini.

Wazazi wengine huniuliza kama kunyanyua uzito humdumaza mtoto. Hapana, mradi asimamiwe na mzigo uwe wa kiasi chake. Mwenye selimundu lakini asisukumwe hadi kuishiwa pumzi. Apumzike mapema na kunywa maji mara kwa mara.

Kijana yule alipona baada ya majuma 6, naye anaruka bila kiroba. Hata hivyo, maumivu yakishuka kutoka kiunoni hadi mguuni, au mguu ukifa ganzi, msimkande tu nyumbani, mleteni apimwe. Akishindwa kuzuia mkojo au kukojoa, mleteni saa ile ile, hata kama ni usiku.