Shaka Yatosha Kuandikwa

Dawa mpya, hata ikiwa imepimwa kwa insafu na kuidhinishwa na serikali, huingia madukani ikiwa na mambo ambayo bado hayajajulikana. Kwani hujaribiwa kwa wagonjwa ambao aghalabu hawazidi elfu chache, ilhali dhara linalompata mtu 1 katika 10,000 lahitaji watu wapatao 30,000 watazamwe ndipo tuwe na tumaini thabiti la kulikuta japo mara moja.

Maarifa haya yalinunuliwa kwa msiba. Thalidomaidi, iliyoanza kuuzwa Ujerumani Magharibi mwaka 1957 na kunywewa na wajawazito ili kutuliza kichefuchefu, ililemaza viungo vya watoto zaidi ya 10,000 ulimwenguni, na ikaondolewa mwishoni mwa 1961 baada ya matabibu wawili, Lenz wa Ujerumani na McBride wa Australia, kuthubutu kutangaza waliyoyashuku. Mwaka 1968 Shirika la Afya Duniani likaanzisha mpango wa kukusanya taarifa za madhara ya dawa, ambazo leo hupelekwa Uppsala, Uswidi. Tanzania ikajiunga mwaka 1993, na Omani mwaka 1995.

Omani ina sababu zake yenyewe za kuchukua hadhari. Takriban robo ya wanaume wa Omani wamerithi upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, kinachozilinda chembe nyekundu za damu, na mtu wa namna hiyo akipewa primakwini ya malaria, au dapsoni, chembe zake zaweza kupasuka, macho yakawa manjano na mkojo ukawa mweusi. Si hatari ya kudhaniwa tu: mwaka 2008 dawa moja ya malaria yenye dapsoni, iliyokuwa imekwisha kuanza kutumiwa Afrika, iliondolewa na watengenezaji wake kwa ajili hiyo hiyo.

Basi mwanafunzi wa utabibu, ufamasia au uuguzi, awe katika Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos au kwingineko, hatoshelezwi na kuhifadhi orodha za madhara kwa ajili ya mtihani. Uchunguzi wa mwaka 2006, uliokusanya tafiti za nchi 12, ulikadiria kuwa madhara zaidi ya 9 katika kila 10 hayaripotiwi. Naamini kizuizi kikubwa ni ile dhana kwamba asiye na yakini hana haki ya kuandika, pamoja na hofu ya kulaumiwa; nayo mazoea hayo huota mizizi chuoni. Nayo taarifa njema huanza kwa kumsikiliza mgonjwa: bibi wa Omani aliyezaliwa Unguja, ambaye maumivu yake huyaeleza vyema zaidi kwa Kiswahili, asikilizwe kwa Kiswahili, aulizwe pia kuhusu mitishamba aliyokunywa.

Taarifa yataka mambo manne tu: mgonjwa anayetambulikana, mtoa habari, dawa inayoshukiwa na dhara lililoonekana. Ewe mwanafunzi, ukishakuwa nayo hayo, iandike leo, wala usingojee ithibati. Kuitafuta ithibati ni kazi ya wale watakaozilinganisha taarifa zako na za wenzio.