Alibisha Hodi kwa Sauti ya Chini

Ndugu msomaji, mgeni mwenye adabu haingii nyumba ya watu kwa kishindo. Husimama kizingitini, akabisha hodi, akangoja. Wenyeji wasiposikia, hubisha tena, na sauti ya ndani ikiuliza, "Nani?", hutaja jina lake. Jumapili hii twapenda kukusimulia habari za kijana mmoja aliyebisha hodi katika nyumba kubwa ya muziki kwa gitaa na sauti ya chini, naye akachukua miaka saba kabla ya kulitaja jina lake bila kusitasita.

Kijana huyo ni Michael Kiwanuka, mtunzi na mwimbaji wa muziki wa soul. Alizaliwa London, mji mkuu wa Uingereza, mwezi wa Mei 1987. Albamu yake ya kwanza, au santuri ndefu kama wengi wetu tulivyozoea kuiita, ilitolewa mwezi wa Machi 2012 akiwa na umri wa miaka 24. Ina nyimbo kumi tu, nayo inaitwa Home Again, yaani nyumbani tena. Jina hilo ndilo lililotufanya tushike kalamu. Mtoto aliyezaliwa ugenini, ambaye wazazi wake waliondoka kwao kwa kukimbia, anaposema "nyumbani tena", ni nyumbani wapi?

WALIOKIMBIA NDULI

Wazazi wa Kiwanuka ni watu wa Uganda waliokimbia utawala wa Idi Amin. Msomaji mwenye umri wa kutosha hahitaji kuelezwa maneno hayo yana uzito gani. Amin aliitwaa serikali ya Uganda kwa nguvu tarehe 25 Januari 1971. Mwezi wa Oktoba 1978 majeshi yake yakavuka mpaka na kuingia Kagera, na tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ikakombolewa na majeshi ya Tanzania pamoja na wapiganaji wa Uganda wenyewe. Hapa kwetu nduli huyo hukumbukwa zaidi kwa vita hivyo, kwa vijana waliokwenda mstari wa mbele na kwa wale ambao hawakurudi.

Lakini upo upande mwingine wa habari hizo, ambao hatuusikii mara nyingi. Nao ni upande wa familia zilizoacha nyumba, kazi na makaburi ya wazee wao, zikaenda kuanza maisha upya katika nchi za baridi. Watu hao walizaa watoto huko. Watoto hao walikua wakisikia majina ya vijiji wasivyovijua, wakala chakula cha nyumbani ndani na kuzungumza Kiingereza cha mtaani nje. Michael Kiwanuka ni mmoja wa watoto hao.

Alikulia Muswell Hill, mtaa wa kaskazini ya London ambao wakazi wake wengi ni Wazungu. Rafiki zake walipenda muziki wa roki, naye akaupenda pamoja nao, akajifunza gitaa. Hata hivyo, kijana mweusi mwenye gitaa la roki alikuwa kama mtu aliyekaa kwenye kiti cha mwingine. Mwenyewe amesimulia jinsi alivyofarijika alipomfahamu Jimi Hendrix, Mmarekani mweusi aliyekuwa bingwa wa gitaa. Akatambua kwamba kiti kile kilikwisha kukaliwa na mtu aliyefanana naye.

Kisha akamsikia Otis Redding. Mwimbaji huyo wa Marekani alifariki katika ajali ya ndege mwezi wa Desemba 1967, akiwa na umri wa miaka 26. Kiwanuka alikutana na sauti yake kwenye sahani ya muziki iliyotolewa bure pamoja na gazeti. Humo hamkuwa na wimbo uliokamilika tu. Zilisikika pia sauti za watu wakizungumza studioni, kazi ikiwa bado inaendelea. Ndugu msomaji, wewe uliyepata kusimama karibu na fundi akiranda mbao waelewa tofauti iliyopo kati ya kukiona kiti dukani na kumwona fundi akikitengeneza. Kijana alimsikia fundi akiwa kazini, naye akatamani kuwa fundi.

MUZIKI ULIOPIGWA MARUFUKU

Huenda vijana wetu wakauliza, soul ni muziki gani? Ulizaliwa miongoni mwa Wamarekani weusi katika miaka ya 1950 na 1960. Waliuchukua uimbaji wa makanisani, wenye kiongozi anayelia na waitikiaji wanaomjibu, wakauunganisha na nyimbo za majonzi za wafanyakazi wa mashambani na mijini. Badala ya kumwimbia Mungu peke yake, wakaimba mapenzi, umaskini, dhuluma na matumaini.

Muziki huo haukuwa mgeni hapa. Vijana wa Dar es Salaam waliucheza kwa shauku, hata mwezi wa Novemba 1969 mkuu wa mkoa akaupiga marufuku jijini. Ulionekana kuwa ni sumu ya kigeni. Baba na mama wengine wanaosoma makala haya watakumbuka suruali pana, viatu virefu na mabishano ya nyumbani ya siku zile. Nasi twaona ajabu kwamba muziki uliofukuzwa mlangoni kwa kuwa si wetu, baada ya miaka zaidi ya 40 umerudi ukiimbwa na mtoto wa jirani yetu wa Uganda.

MWANAGENZI

Kiwanuka hakuanza kwa kusimama mbele ya jukwaa. Alianza nyuma, akiwapigia gitaa waimbaji wengine, akipokea ujira wake na kurudi nyumbani. Nyimbo zake mwenyewe aliziweka kando. Mwaka 2011 akatoa santuri fupi kupitia kampuni ndogo ya Communion, na mwaka huohuo akafuatana na Adele, mwimbaji maarufu wa Uingereza, akifungua maonyesho yake. Mwezi wa Januari 2012 shirika la utangazaji la BBC likamtaja kuwa wa kwanza katika orodha yake ya kila mwaka ya wanamuziki wapya wa kutazamiwa.

Santuri yenyewe ilitengenezwa pamoja na Paul Butler, mwanamuziki wa kundi la The Bees, katika studio yake kwenye kisiwa cha Wight, kusini ya Uingereza. Mahali palikuwa mbali na pilikapilika za London, na utulivu huo wasikika ndani ya santuri. Hakuna ngoma za mashine zinazogonga kichwa. Yapo magitaa ya kawaida, fidla, filimbi, ngoma za mkono, na sauti nzito kidogo yenye mkwaruzo, kama ya mtu aliyeamka kabla ya wenzake na hataki kuwaamsha.

Wimbo wa kwanza, Tell Me a Tale, umepambwa kwa filimbi na vyombo vingine vya kupuliza vyenye ladha ya jazi. Huo ndio wimbo wenye haraka kuliko nyingine. Unaoufuata, I'm Getting Ready, hauna haraka yoyote. Wasikika kama sala ya mtu anayefunga mzigo wake kwa imani. Ule uliobeba jina la santuri unakwenda kwa gitaa linalodonolewa kwa vidole. Humo mwimbaji anatumaini kwamba siku moja atajiona yupo nyumbani tena, lakini hasemi nyumbani hapo ni wapi. Hautaji mto, wala mlima, wala mtaa. Santuri inafungwa kwa wimbo wa polepole, Worry Walks Beside Me, ambamo wasiwasi unafanywa kuwa mwenzi wa njiani asiyetaka kuaga.

Hakuna ghadhabu ndani ya nyimbo hizi kumi, wala hakuna anayelaumiwa. Kuna mtu anayeomba apewe nafasi.

Wenyeji waliitikia. Santuri ilipanda hadi nafasi ya nne katika orodha ya mauzo ya Uingereza, ikaingizwa miongoni mwa zile zilizoshindania Tuzo ya Mercury mwaka 2012. Lakini wapo wachambuzi waliosema kwamba inafanana mno na santuri za miaka ya 1970, hasa zile za Bill Withers. Nasi hatutaki kuwabishia. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri, na katika santuri hii kijana amevaa koti la wazee wake wa muziki. Limemkaa vizuri, lakini si lake lote. Hata hivyo, mwanagenzi yupi hakuanza kwa kuiga mkono wa fundi wake? Thamani ya kazi hii ni uaminifu wake. Aliyekuwa na wasiwasi aliimba wasiwasi wake, na asiyejua nyumbani ni wapi hakujifanya anajua.

"NANI?"

Kusifiwa mapema ni mzigo. Baada ya santuri ya kwanza Kiwanuka aliingiwa na shaka kama anastahili kuwa mahali alipo. Mwanamuziki mashuhuri wa Marekani, Kanye West, alimwalika visiwani Hawaii ashiriki katika kazi yake. Kiwanuka amesimulia kwamba alijiona hana la kuchangia, akaondoka. Wengi tumepata kukaa katika kikao cha wakubwa tukitafuta mahali pa kuweka mikono, twaelewa.

Ilipita miaka minne hata akatoa santuri ya pili, Love & Hate, mwaka 2016. Safari hii alizungumza waziwazi juu ya kuwa mtu mweusi katika dunia ya Wazungu, na santuri hiyo ikashika nafasi ya kwanza Uingereza. Mwaka 2019 ikafuata ya tatu. Akaiita Kiwanuka, neno moja tu.

Kwa Mwingereza hilo ni jina la santuri. Kwetu sisi lina uzito zaidi. Tangu utoto wake jina hilo liliwashinda watu wengi kulitamka, na mwenyewe ameeleza kwamba wakati anaanza asingethubutu kuliweka juu ya santuri. Angeona afadhali kubuni jina jingine lenye mlio wa kizungu. Na jina lenyewe si dogo. Katika masimulizi ya kale ya Baganda, Kiwanuka ndiye mwenye radi. Tena lilikuwa jina la Benedicto Kiwanuka, waziri mkuu wa kwanza wa Uganda na baadaye jaji mkuu, aliyekamatwa na watu wa Amin ndani ya jengo la Mahakama Kuu mwezi wa Septemba 1972, kisha akauawa. Hatuunganishi nasaba zao, kwa maana Baganda wengi huitwa hivyo. Twasema tu kwamba utawala uliowafukuza wazazi wa mwimbaji huyu uliwahi kutaka kulizima jina kama lake, nalo halikuzimika. Mwezi wa Septemba 2020 santuri hiyo ya tatu ikashinda Tuzo ya Mercury, yenye kitita cha pauni 25,000. Jina ambalo mwenyewe aliliona zito likatangazwa mbele ya Uingereza nzima, likatamkwa lote.

Hodi ya mwaka 2012 ikawa imepata jibu, na "Nani?" ikawa imepata jina. Pengine na swali letu la mwanzo limejibiwa, ingawa si kwa jina la nchi. Aliyetafuta nyumbani mahali fulani alipapata ndani ya jina alilopewa na wazazi wake.

KWA WAZAZI NA VIJANA

Ndugu msomaji, katika nyumba nyingi za mijini gitaa bado huhesabiwa kuwa ni dalili ya uhuni. Hatusemi kila kijana anayepiga nyuzi ataishi kwa nyuzi hizo, wengi hawataishi. Lakini tazama njia aliyoipita huyu. Alijifunza chombo chake, akawatumikia wengine, akatoa kazi ndogo kabla ya kubwa, akakubali kwamba kazi ya kwanza haikuwa ya mwisho, na alipoingiwa na shaka hakuacha. Njia hiyo ni ya seremala, ya mshonaji na ya mwalimu pia. Mwanao akitamani kitu, mwulize kwanza kama yuko tayari kukaa nyuma miaka kadhaa.

Nanyi vijana mnaojipachika majina ya kigeni kabla hamjatunga hata wimbo mmoja, isikilizeni santuri hii ya kwanza, kisha sikilizeni ya tatu. Pimeni ni wapi kijana amesimama wima zaidi.

Ukiipata Home Again, usiipige wakati wa makelele ya mchana. Ingoje jioni, vyombo vikiwa vimeoshwa na watoto wametulia. Anza na wimbo wa kwanza ufike hadi wa kumi bila kuruka, kwa maana ndivyo ilivyopangwa. Asiyejua Kiingereza asiondoke. Sauti yenyewe itamweleza mengi. Na itakapokwisha, kabla hamjaenda kulala, mwulize mwanao kama anajua jina la babu yake lina maana gani. Ikiwa hajui, mweleze usiku huohuo.