Sura ya 4: Tarehe Kwanza, Mfuko Baadaye

Anayeanza kuwekeza huuliza mfuko upi unalipa zaidi. Ingefaa aanze na swali jingine: fedha hii nitaihitaji lini? Mfuko unaoifaa akiba ya miaka mitano unaweza kuwa hatari kwa kodi ya pango inayodaiwa mwezi ujao.

Tuone kwanza mfuko unavyofanya kazi. Mfuko wa uwekezaji wa pamoja hukusanya fedha za watu wengi, kisha meneja wake hununua hatifungani (mikopo kwa serikali au kampuni) na hisa au kuweka amana benki. Wewe unamiliki vipande. Ikiwa mfuko una mali ya shilingi bilioni 10 baada ya kutoa madeni na gharama, na vipande vyake ni milioni 50, kila kipande kina thamani ya sh. 200. Kwa sh. 100,000 unapata vipande 500. Kipande kikifika sh. 224, una sh. 112,000. Ile 12,000 hakuna aliyekuahidi. Imezalishwa na mali za mfuko, na mali hizo zikifanya vibaya, kipande nacho hushuka.

Kwa Tanzania safari ya mifuko hii ilianza mwaka 2005, Mfuko wa Umoja ulipofunguliwa. Leo mfuko huo unasimamiwa na UTT AMIS, na kampuni nyingine zimeingia uwanjani. Msimamizi wa sekta ni Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, CMSA. Mali za mfuko hushikiliwa na benki iliyoteuliwa kuzitunza, mbali na mali za meneja mwenyewe. Jambo la kwanza la kuhakiki, basi, ni leseni ya CMSA.

La pili ni kilichomo ndani. Mifuko ya ukwasi hulenga fedha ipatikane haraka, hivyo huegemea amana za benki na dhamana za serikali. Mifuko ya hatifungani hukopesha kwa muda mrefu zaidi. Mifuko mchanganyiko, kama Umoja, huongeza hisa, ambazo bei yake hupanda na kushuka sokoni. Usiishie kwenye jina, soma ripoti ya mfuko uone fedha zimelala wapi.

Wengi hudhani hatifungani ya serikali haiwezi kushuka bei. Tuseme ya sh. 100,000 inalipa sh. 10,000 kwa mwaka, kisha serikali ianze kutoa mpya zinazolipa sh. 13,000. Nani atainunua ile ya zamani kwa bei kamili? Itabidi ishuke, na kadiri miaka yake iliyobaki ilivyo mingi, ndivyo itakavyoshuka zaidi. Kwa mfuko unaothamini hatifungani zake kwa bei ya soko, kipande nacho hupungua. Mwenye subira anaendelea kuvuna riba; anayelazimika kuuza wiki hiyo anabeba hasara.

Chukua mfano wa dada anayeuza vitenge Kariakoo, mwenye akiba ya sh. 600,000. Laki tatu ni kodi ya miezi miwili ijayo: hizo zikae benki. Amana ya benki ina kinga ya Bodi ya Bima ya Amana, hadi sh. milioni 7.5 kwa mwenye amana tangu 2023. Vipande havina kinga hiyo. Laki mbili ni ada ya shule ya mwakani: mfuko wa ukwasi unazifaa. Laki iliyobaki haina tarehe, hivyo inaweza kwenda kwenye mfuko wa hatifungani na kuongezewa kidogo kila mwezi. Mfumuko wa bei ukiwa asilimia 3 na mfuko ukizalisha asilimia 11 baada ya gharama, faida yake ya kweli inakaribia asilimia 8.

Hatari kubwa kwa mwenye akiba ndogo haimo hata kwenye mifuko hii. Mwaka 2009 serikali iliusimamisha mpango wa upatu ulioitwa DECI, ambako watu walihimizwa “kupanda mbegu” ili wavune maradufu. Mavuno ya waliotangulia yalikuwa fedha za waliofuata. Mfuko halali huonyesha mali zake, hutangaza bei ya kipande, na hauhitaji ulete wengine ili ulipwe. Anayekuhakikishia faida kubwa kila mwezi huku akikwepa swali la fedha zinawekezwa wapi, muage kwa adabu.

Ukishachagua, anza na kiasi kidogo. Kabla ya kuongeza, soma kama kuna tozo ya kutoka, kisha uza vipande vichache uhesabu siku ambazo fedha inachukua kufika kwenye akaunti yako. Zikizidi muda ulio nao kabla ya tarehe yako, mfuko huo si wako, hata kama unalipa vizuri.