Shemeji Hapigwi Jiwe

Port Victoria, kule Mto Nzoia unakomwagika ziwani, Wanyala, ambao ni Waluhya, na Waluo wa Yimbo wamekuwa wakioana tangu zamani. Siku ya mechi kubwa, boma moja laweza kuanika jezi mbili kwenye kamba moja: ya kijani ya Gor Mahia, klabu ya Waluo, na ya bluu ya AFC Leopards, klabu ya Waluhya. Ndiyo maana wapenzi wa soka waliipa mechi hiyo jina la Mashemeji Debi.

Jina hilo limebeba somo zima. Shemeji ni mtu unayeruhusiwa kumtania hadi mgeni akadhani mnagombana. Mwanaanthropolojia Radcliffe-Brown aliandika mwaka 1940 kwamba utani wa namna hiyo hukaa pale watu wanapounganishwa na kutenganishwa kwa wakati mmoja. Matusi ya ruhusa huzuia ya kweli. Huko Tanzania, Simba na Yanga nao huitana watani wa jadi.

Klabu zenyewe zilikuwa nyumba za watu walio ugenini. Abaluhya ilianzishwa 1964, Gor Mahia 1968, ikibeba jina la mganga wa Kanyamwa aliyesifika kwa kujigeuza umbo. Aliyetoka Kisumu akapanga chumba Nairobi aliisikia lugha ya mama yake jukwaani, kwa sauti kubwa, bila kuomba radhi. Serikali haikupendezwa, ikaagiza majina ya kikabila yaondolewe. Mwaka 1980 Abaluhya ikawa AFC Leopards. Luo Union, klabu nyingine ya Waluo, ikawa Re-Union, jina ambalo, ukilisikiliza vizuri, halikufuta kitu.

Basi, ikiwa shemeji hapigwi jiwe, mawe ya siku ya debi hutoka wapi? Machi 2012, katika debi hiyo kwenye uwanja wa Nyayo, Nairobi, mchezaji wa Gor alionyeshwa kadi nyekundu, vurugu zikazuka na mechi ikasimama kwa karibu nusu saa. Tazama kilichowasha moto: uamuzi wa refa. Utani una kanuni zake, lakini refa hana mtani. Yeye ni mamlaka, na mashabiki wengi walikuwa na hesabu za zamani na mamlaka. Sisemi hivyo kuwatetea. Jiwe likirushwa halichagui kichwa.

Oktoba 2010 ilikuwa jambo jingine kabisa. Watu 7 walikufa katika msongamano Nyayo, siku ya debi hiyohiyo. Msongamano hauhitaji chuki. Walio nyuma husukuma wakitaka kuingia, wa mbele hawana pa kwenda, na kifua hukosa nafasi ya kupanuka. Hata hivyo maafa ya aina hii hutupwa kapu moja na ugomvi wa mashabiki. Uingereza ilifanya vivyo hivyo baada ya msongamano wa uwanja wa Hillsborough mwaka 1989, ambako walikufa 97. Mashabiki walilaumiwa kwa miaka mingi, hadi 2016 baraza la uchunguzi lilipoamua kwamba hawakuwa na hatia, na kwamba kosa kubwa lilikuwa la polisi waliosimamia umati.

Kwa hiyo mtu akikuambia mashabiki wa debi wameuana, kabla ya kumuuliza ni kabila gani, muulize milango mingapi ilikuwa wazi.