Kipanga au Kilaza: Nani Kakupima?

Kila shule ina vipanga wake na vilaza wake. Usibishe! Hata kama mwalimu hawajui, nyie darasani mnawajua: huyu atagonga Divisheni Wani, yule atachemsha. Majina haya huanza kama utani wa bwenini, halafu polepole yanaingia kichwani. Kipanga anaogopa kuuliza swali asije akaonekana hajui. Kilaza naye haulizi, kwa sababu ameshajikatia tamaa. Wote wawili kimya, na wote wawili hawakui.

Je, kufanikiwa ni nini hasa? Tukiwauliza wanafunzi swali hili, majibu huja haraka: Divisheni Wani, chuo kikuu, gari, simu kali. Hakuna ubaya kuvitaka. Mimi mwenyewe nimefika chuo kikuu na sitakudanganya eti cheti hakina maana. Kina maana sana, hasa siku ya kuomba kazi. Lakini hebu tukiangalie kipimo chenyewe.

Rula ilipobadilishwa

Februari 2013 yalitangazwa matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012. Zaidi ya nusu ya watahiniwa walipata sifuri. Nchi nzima ilitikisika, tume ikaundwa, na Mei 2013 serikali ikayafuta matokeo yale na kuagiza yapangwe upya kwa utaratibu wa viwango uliotumika 2011. Karatasi zilikuwa zilezile, majibu yaleyale. Maelfu ya vijana wakajikuta wametoka kwenye sifuri bila kuandika hata neno moja jipya! Tusidanganyane lakini: wengi walibaki na sifuri hata baada ya hapo, na kuna waliosoma katika shule ambazo hazikuwa na maabara wala walimu wa sayansi wa kutosha.

Baadaye ukaja mfumo wa GPA, na Januari 2016 serikali ikarudisha madivisheni. Januari 2023 Baraza la Mitihani likaacha hata kutangaza wanafunzi bora na shule bora za kitaifa.

Sisemi mtihani ni bahati nasibu. Nasema matokeo hupima ulichoandika siku ile, kwa rula ya mwaka ule. Basi.

Fundi bado yuko kazini

Sasa angalia mwili wako. Wakati wa balehe, wasichana wengi huanza kurefuka haraka kama miaka miwili kabla ya wavulana. Ndiyo maana kidato cha kwanza dada anaweza kumpita kaka wa umri wake kwa kichwa kizima, na kufika kidato cha nne mambo yakageuka. Yule kaka mfupi hakuwa amefeli kurefuka. Muda wake ulikuwa haujafika.

Ubongo nao ni hivyo hivyo. Sehemu ya mbele, hapo nyuma ya paji la uso, ndiyo inayotusaidia kupanga mambo, kujizuia na kuona mbele. Sehemu hiyo huendelea kukomaa mpaka mtu anapofika miaka ishirini na kitu. Kwa hiyo mtihani wa kidato cha nne unakukuta fundi bado yuko kazini.

Ajabu ni kwamba katika kukimbilia kufaulu tunamnyang'anya fundi huyu vifaa vyake. Wapo wanaopiga msuli mpaka saa tisa usiku, miguu imo ndani ya beseni la maji baridi ili wasisinzie, na kesho yake wanajisifu. Jamani! Mwenye umri wa miaka 13 hadi 18 anahitaji kulala saa 8 hadi 10, na usingizini ndipo ubongo unapopanga na kuhifadhi yale uliyosoma mchana. Najua kengele ya alfajiri bwenini haibembelezi mtu. Basi angalau usiongeze kesha juu yake, na hilo beseni kanawie uso asubuhi.

Ukitaka kujua kama unakua, achana na jirani wa dawati. Chukua daftari lako la muhula uliopita, tafuta hesabu iliyokushinda, uifanye bila kuchungulia jibu. Ukiweza, umekua. Mwezi jana ulikuwa ukikasirika unatukana, leo unaondoka kwanza ukapoe? Hapo pia umekua, japo halitaandikwa kwenye ripoti.

Mwenye vitu na mwenye msimamo

Hapa tuseme wazi. Ukiamini kufanikiwa ni kuwa na vitu, basi mwenye vitu anaweza kukununua. Mshefa, ambaye siku hizi anaitwa sponsa, analijua hilo vizuri. Leo simu, kesho chipsi kuku, halafu siku moja anadai chake, tena bila kondomu, maana mwenye hela ndiye mwenye kauli. Darasani mwenye simu anaonekana kafanikiwa. Mimba na virusi vya UKIMWI havionekani siku ile. Msichana aliyeikataa simu hiyo hapigiwi makofi na mtu, lakini kwangu mimi huyo ndiye aliyekua. Na nyie kaka zetu mnaopimana kwa idadi ya wasichana, rula yenu ni ileile ya mshefa!

Kwa dada ambaye tayari amepata mimba: tangu Novemba 2021 serikali inaruhusu wanafunzi walioacha shule kwa sababu hiyo kurudi darasani. Mzazi na mkuu wa shule waulizwe.

Siku ya matokeo

Siku hii wengine huzidiwa kabisa. Mwenzako akiacha kula, akijifungia, akianza kugawa vitu vyake au kusema bora asingezaliwa, usimwache peke yake. Nenda kwake. Usianze na "umepata ngapi?" Anza na "umekula?" Muulize wazi kama anafikiria kujiua, kuuliza hakumpi wazo hilo, kunamfungulia mlango wa kusema. Halafu mwambie mtu mzima mnayemwamini: mzazi, mwalimu mlezi, nesi wa zahanati. Namba 116, ya kuwasaidia watoto, hupigwa bure.

Akishatulia ndipo mzungumzie kurudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea, au ufundi wa VETA. Si lazima iwe siku hiyohiyo.